Sailensa ya Mutsamudu

Mwaka jana nilikutana na Ahamada kwenye harusi moja ya Moroni. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevaa joho lililotariziwa uzi wa dhahabu, joho la watu waliokwisha kufanya ndoa kuu, harusi ile ya kulisha mji mzima ambayo Mngazija asipoifanya hahesabiwi mtu mzima hata akiota mvi. Nilicheka peke yangu, kwa sababu Ahamada niliyemjua mimi alikuwa kijana wa fulana nyekundu, mwenyekiti wa kamati ya vijana ya kijiji cha Vouvouni, akisimama uwanjani kila Ijumaa kuwaambia wazee kwamba ndoa kuu imefutwa na majoho yao wayakate wayafanye mapazia. Nilimwendea. Alinikazia macho kidogo, kisha akaziba masikio kwa viganja na kutoa sauti nzito kooni, "Bubububu!" Nami nikamjibu kwa sauti hiyohiyo. Watu wakageuka kutuangalia, wazee wawili tuliopita miaka sabini tunanguruma kama magari mbele ya sahani za pilau. "Zanzibari," akaniambia akifuta machozi ya kicheko, "wewe na lile bomba lako mlinitesa kuliko serikali yoyote." Tukakaa pamoja mpaka vyombo vikaondolewa, na nilipopanda ndege kurudi Unguja nilikuwa nimeamua kuuandika mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru wa Komoro. Jinsi nilivyotoka Unguja nikaangukia Moroni haina haja hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilikuwa na leseni ya udereva, na Mjomba Mbae, kaka wa mama yangu, alikuwa na gari lakini macho yamemtupa mkono. Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404, pikapu yenye turubai na mabenchi mawili ya mbao nyuma. Asubuhi nilikwenda Vouvouni kuchukua abiria, nikapita nao Ikoni, nikawashusha soko la Moroni, alasiri nikawarudisha. Nilikaa kwa mjomba, au niseme nilikaa kwa mke wake, maana kule nyumba ni ya mwanamke na mume ni mtu wa kuja. Sebule yao ilikuwa na makochi yasiyovuliwa karatasi za nailoni, kabati la sahani zisizoliwa, na dirisha moja lililotazama uchochoro mwembamba kiasi kwamba jirani akikuna nazi ulihisi anakukunia wewe. Tulikula wali na mataba, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa tui mpaka yakalainika, na pembeni bakuli la putu, pilipili ya kusagwa ambayo mjomba aliila kwa kijiko bila kupepesa macho. Nikikumbuka ujana wangu, mara nyingi nakumbuka kwanza ile harufu ya tui na mafuta ya taa.

Mjomba alikuwa mtu mkubwa, maana yake alikuwa amefanya ndoa kuu, na kabla ya mapinduzi ya vijana alikuwa na kiti chake uwanjani ambacho hata mvua ikinyesha hakuna mwingine angekikalia. Sasa viti vile walikaa vijana. Makarani walikuwa wamerudishwa nyumbani, karatasi za maofisini zimechomwa moto, na wanafunzi ndio waliotoa amri. Mambo mengine ya miaka ile si ya kuchekesha, na wapo walioumia ambao hawatanisamehe nikiyapitia juu juu, lakini mimi naandika niliyoyaona kupitia kioo cha mbele cha 404. Jioni wazee wenzake walikuja kunong'onezana sebuleni, mimi nikiwa chumba cha pili nakunywa chai. Kila siku habari ilikuwa moja: fulani kachukuliwa gari, fulani kachukuliwa gari. Vijana walisema gari la mtu mkubwa ni gari la wananchi. Mjomba aliogopa hilo kuliko kifo, kwa sababu lile gari ndilo lililobaki la kumwonyesha kuwa aliwahi kuwa mtu.

Basi siku moja, nikitoka Ikoni na mzigo wa watu na ndizi, nikasikia kishindo chini, halafu gari likaanza kupiga kelele kama limechomwa mkuki. Nikasimama. Sailensa, lile pipa dogo lililo chini ya gari ambalo moshi hupita humo ukapunguzwa makelele, lilikuwa limeoza kwa chumvi ya bahari na sasa limelala barabarani, limepasuka. Abiria walishuka kulitazama. Mzee mmoja akaligusa kwa bakora akasema, "Inna lillahi," tukavunjika mbavu. Niliingia Moroni na kelele zile mpaka nyumbani, na mjomba alinikuta mlangoni jasho linamtoka. "Umewaita wote waje walichukue, siyo?" akasema. "Sikiliza, mwana wangu. Tafuta sailensa ya kimya. Kimya kabisa. Wakisahau kama nina gari, hawatakuja kulitaka." Nikamjibu kwa adabu, nikatafuta Moroni nzima, na mwisho nikaipata kwenye gari la daktari mmoja aliyekwisha kurudi kwao Ulaya, gari lililokuwa limekalia mawe nyuma ya ukuta. Ilikuwa sailensa nene, imegawanywa ndani vyumba vyumba, moshi unaingia huku unazunguka kule kabla haujaruhusiwa kutoka. Nilipoifunga, 404 ikanyamaza. Mjomba alisimama karibu na injini akauliza kama nimeshawasha. Nilijiona fundi.

Kosa langu nililijua asubuhi iliyofuata, na ni kosa ambalo lingewezekana kule tu. Mwanamke mwenye heshima wa Vouvouni hakusimama barabarani kungoja gari. Serikali mpya ilimruhusu, hata ilimhimiza atoke na uso wazi asimame popote apendapo, lakini hakusimama. Alikaa uani kwake, kapu limefungwa tayari, leso kichwani, akipepea moto au akimsuka mtoto, na aliposikia gari linapinda kona ya msikiti ndipo alipoinuka. Kila gari lilijulikana kwa sauti. La kwetu walilijua kwa ile sailensa mbovu iliyokuwa ikikohoa miaka yote. Mimi nikaingia kimya kama paka, nikazunguka uwanja, nikangoja kidogo, nikaona hakuna mtu, nikaondoka na vijana wawili na mbuzi. Kupiga honi kulikuwa ushenzi. Honi ilikuwa ya harusi. Nyuma yangu mtaa mzima wa wanawake ulikaa uani mpaka jua likawa la utosi, wakisema, "Leo Zanzibari amechelewa."

Mmoja wao alikuwa Mama Eshati. Hapa nipumue kidogo. Eshati, binti yake, alifundisha watu wazima kusoma kule Moroni, akipanda gari langu kila siku, na kwa kuwa vijana wa kamati walisema mwalimu akae mbele, alikaa mbele. Alikuwa na kicheko cha ghafla kilichonifanya nikose gia. Nilimpenda, sina namna nyingine ya kusema. Nilikuwa nimekwisha kumtuma mjomba apeleke neno kwa mama yake, na jibu lilikuwa limekawia. Asubuhi ile ya ukimya, Eshati alikuwa amelala Moroni kwa dada yake aliyekuwa anajifungua, na mama alikuwa na kapu la dawa za uzazi, kuku na unga wa mchele wa kumpelekea mwanawe. Mtoto alizaliwa bibi yake yuko uani Vouvouni anasikiliza barabara tupu. Alifika Moroni jioni, kwa miguu mpaka Ikoni na kwa gari la mtu mwingine kutoka hapo.

Siku mama na Eshati waliporudi Vouvouni nilikwenda kuomba radhi. Nikamsalimu, "Kwezi, mama," ile salamu ya mdogo kwa mkubwa, na kwa kawaida mkubwa hujibu "Mbona." Hakunijibu. Alikuwa ukumbini, chumba chenye kitanda cha juu na mikeka iliyokunjwa, uso umepakwa msindano, ule unga wa manjano wa kulainisha ngozi, anachambua mchele. Eshati alikuwa mlangoni, ameficha mdomo kwa ncha ya leso, nami sikujua kama analia au anacheka. "Kaa," mama akasema. "Unataka mwanangu?"

"Nataka, mama."

"Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa na baisikeli. Baisikeli ya kimya. Akiitia mafuta kila Jumapili, huisikii ikija wala ikienda. Nikisema, mume wangu mtulivu. Siku aliyokufa, nimekaa na eda yangu kwenye chumba hiki hiki, akaingia mwanamke wa Ikoni analia kuliko mimi. Nikamuuliza, wewe nani? Akasema, na wewe nani?" Alirusha kokoto ya mchele nje ya mlango. "Sasa wewe umeniletea gari la kunyata. Linatoka hapa, linapita Ikoni, na mimi sijui limesimama wapi wala kwa nani. Sitaki mkwe wa kunyata. Nataka nikikaa hapa nilipo nijue umepinda wapi. Mpaka Ramadhani. Ikiingia sijakusikia, nitampa mwingine, na wapo."

"Mama, gari si langu, ni la mjomba, na mjomba anataka lisisikike."

"Basi kamwoe mjomba."

Nilitoka nimenywea. Eshati alinisindikiza hatua chache, akasema kwa sauti ya chini, "Na usilete linalopiga makelele tu. Mama anaumwa kichwa. Lete linalosikika." Nikamuuliza tofauti yake nini. "Dereva ni nani, mimi?" akasema, akarudi ndani. Na kama kwamba hayo hayatoshi, gari lenyewe lilikuwa limeanza kugoma. Moshi ulikuwa hautoki vizuri kwenye vile vyumba vyumba. Injini ikawa kama mtu anayekimbia amezibwa pua. Kwenye mwinuko wa kuingia Vouvouni, nikiwa na mzigo, ililegea mpaka abiria wakashuka kusukuma, na akina mama waliosukuma hawakuniambia maneno ya kuandikwa kitabuni. Kwa hiyo nilihitaji sailensa ya kuwaridhisha watatu: mlima uliotaka moshi upite, mjomba aliyetaka kimya, na mama aliyetaka kusikia. Watu wa Moroni wakaniambia chuma cha namna hiyo, kama kipo, kipo Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwa Bakari muuza vipuri.

Nilikwenda kwa meli ndogo ya mizigo, nikatapika njia nzima, na hiyo safari sina hamu ya kuieleza. Mutsamudu ni mji wa mawe uliobanana. Unatembea kwenye vichochoro mikono yako miwili inagusa kuta, wanawake wanapita wamejitanda shiromani zao nyekundu na nyeupe wakikubana ukutani, na hakuna gari linaloweza kuingia humo hata kwa dua. Nikawa najiuliza mtu gani anauza vipuri vya magari katika mji wa namna hii. Bakari ghala lake lilikuwa upande wa bandari. Alikuwa mnene, mwenye sauti, aliwahi kukaa Tanga na akaing'ang'ania Tanga kwenye kila sentensi. "Tanga nzima," aliniambia kabla hata sijaketi, "waliokuwa wanajua ekzosi ni wawili, na mwenzangu amekufa." Vitu vyake alivinunua kwenye kampuni moja ya manukato iliyofunga na kuacha malori yake, kwa hiyo ghala zima, na kila chuma ndani yake, kilinukia langilangi. Alinipeleka kwanza kula kwa mke wake, ndizi mbichi zilizochemshwa kwa tui na samaki wa chumvi, na chai ya mchaichai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Nilimweleza habari yangu yote mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa mdomo. "Mjomba anataka lisisikike, mkweo anataka lisikike," akasema. "Hapo mimi sikuuzii sailensa, nakuuzia ugomvi."

Sauti ya sailensa huwezi kuijua kwa kuitazama, na gari langu lilikuwa kisiwa kingine. Bakari alikuwa na mashine ya kusaga, injini yake imefungwa uani, na hapo ndipo alipowajaribia wateja. Akaanza na ya vyumba, kama ile ya daktari. Injini ikanong'ona. "Weka kiganja kwenye mdomo wa bomba," akanipigia kelele. Nikaweka. Pumzi ilitoka kidogo kidogo, ya moto, imekatika katika, na ule mkanda wa mashine ukawa unazunguka kwa uvivu. Akafungua, akatia bomba pana lisilo na kitu ndani. Hapo pumzi ilinisukuma mkono, lakini kelele yake ilikuwa kali, ya kuchana. Madirisha ya jirani yakafunguka juu yetu, moja baada ya jingine. "Bakari! Mtoto amelala!" mwanamke mmoja akapiga ukelele. "Amelala au alikuwa amelala?" Bakari akamjibu, akamimina maji kwenye chuma kilichopata moto, mvuke ukampanda usoni, na mitaa mitatu ikamcheka.

Ya tatu ilikuwa nyembamba na ndefu. Ndani yake bomba lilipita moja kwa moja, halina kizuizi, ila limetobolewa vitundu vitundu na kuzungushiwa sufi ya chuma iliyoshindiliwa. Moshi unapita wima, Bakari alieleza, na kelele zinapotea pembeni kwenye sufi. Alipowasha, sikusikia kwanza kwa masikio, nilisikia kifuani. Sauti nzito, ya mviringo, haina makali hata kidogo. Nikaweka kiganja, pumzi ikaja nzima nzima. Bakari akaunga kipande cha bomba nyuma, sauti ikashuka zaidi, akakipunguza, ikapanda. Akawa anaunga na kubandua kama mtu anayechagua kofia, mpaka dirishani juu bibi mmoja mkongwe akatoa kichwa, shiromani imemwangukia begani. "Hiyo!" akasema. "Iache hapo hapo. Hiyo hata nikiwa nasali hainiudhi, na nikiwa jikoni naisikia." Nilimtazama yule bibi nikamwona Mama Eshati. Kelele kali zinaishia kwenye ukuta wa kwanza; sauti nzito hupita ukuta ikaingia ndani bila kumgombeza mtu. Ndiyo tofauti aliyoniambia Eshati, na nilihitaji kuvuka bahari kuielewa. Kwamba mjomba hataipenda nililijua. Nilipiga moyo konde nikaichukua, kwa sababu mjomba angekasirika na bado akabaki mjomba wangu, lakini Eshati akipewa mwingine basi tena.

Niliifunga mwenyewe Moroni. Ilipopata moto mara ya kwanza, langilangi yote iliyolala ndani ya sufi ikaamka, uchochoro mzima ukanukia kama chumba cha bi harusi. Mjomba akatoka na kanzu ya kulalia. "Nani kaleta injini ya meli hapa?" akasema. Kisha akavuta pumzi. "Na kwa nini inajipaka manukato?" Nilimweleza. Alikaa kwenye kizingiti akashika tama. Alisema nimemmaliza, kwamba sauti ile itafika kila kamati kutoka hapa mpaka mwisho wa kisiwa, na kwamba kesho niitoe. Nikamwomba safari moja tu ya Vouvouni. Akaingia ndani akafunga mlango, na mimi nikaihesabu hiyo kuwa ruhusa.

Asubuhi 404 ilipanda mwinuko wa Vouvouni kana kwamba mlima umelainishwa. Nikapinda msikitini, na kabla sijafika uwanjani niliona milango inafunguka. Lakini Ahamada alikuwa amesikia pia. Alisimama katikati ya njia, fulana nyekundu, mkono juu, na wenzake wawili nyuma yake. "Gari hili la nani?" akauliza, kana kwamba halijui.

"La Mjomba Mbae wa Moroni."

"Amefanya ndoa kuu?"

Ningeweza kudanganya, lakini kisiwa kizima kilikula ng'ombe wa harusi ile. "Amefanya."

"Basi ni la wananchi. Shuka."

Nilimpa ufunguo, nikakaa kwenye ngazi za msikiti. Gari limekwenda, mjomba atakufa kwa huzuni, na Ramadhani inaingia. Ahamada akapanda, akawasha, likanguruma, na akawa anapekua gia. Alikuwa amejifunza udereva kwa kutazama. Wakati anapekua, akina mama walikuwa wameshafika na makapu yao, na kama desturi wakapanda nyuma bila kuuliza chochote, kwa maana sauti ilikuwa imewaita. Mama Eshati alifungua mlango wa mbele akakaa. "Shukeni!" Ahamada akasema. "Gari limechukuliwa na kamati!"

"Kamati ya nani?" Mama Eshati akamuuliza, akipanga leso yake.

"Ya wananchi."

"Kila Ijumaa unatuambia wananchi ni sisi, akina mama wa shamba. Tumesikia. Twende sokoni."

Ahamada alitazama nyuma. Benchi zote zilijaa, na mmoja wa wanawake alikuwa shangazi yake. Akawapeleka Moroni. Alasiri alipowasha gari arudi kwenye kazi za kamati, walimsikia kutoka sokoni, wakaja. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Popote alipoliwasha lile gari, kapu lilitokea. Mikutano ya kamati ilifanyika bila mwenyekiti wake, kwa sababu mwenyekiti alikuwa anashusha magunia ya ndizi. Niliambiwa na Eshati kwamba alfajiri moja Ahamada na wenzake walilisukuma kimya kimya, injini imezimwa, ili watoke kijijini bila kusikika. Walifika mwanzo wa mteremko, gari likaanza kuwakimbia, Ahamada akarukia ndani, akalazimika kuwasha. Mtaa wa chini ukatoka wote. "Na mama anasema," Eshati akaongeza, "yule anakanyaga mafuta kama anaua mende. Anasema dereva akiwa wewe anajua."

Sikulala usingizi vizuri kwa furaha ya sentensi ile, na nikawa namficha mjomba meno yangu maana yeye alikuwa kama yuko matangani, hali wala hanywi. Kisha jioni moja tukasikia bububu uchochoroni. Ahamada aliingia sebuleni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamsalimu mjomba "Kwezi" kwa mara ya kwanza tangu mapinduzi, na mjomba kwa mshtuko akajibu, "Mbona." Akaweka ufunguo kwenye meza. "Mzee, gari lako hilo," akasema. "Litumikie wananchi kama lilivyokuwa. Kamati haina wakati." Mke wa mjomba akamletea wali na mataba, akala sahani mbili. Alipoondoka mjomba aliuchukua ufunguo mezani. Halafu akaniita. "Ile sailensa," akasema, "usiiguse hata skrubu."

Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya Ramadhani. Eshati alileta neno la mama yake: Ijumaa, baada ya sala, mjomba na mimi, tuje na gari, tusije kwa miguu. Mjomba hakuthubutu kuvaa joho. Alivaa kanzu nyeupe na kofia, akajitia udi mpaka nikafungua madirisha. Njiani alichangamka, akasimulia mahari za zamani, na tulipokaribia Ikoni akaniambia nisimame kidogo akamsalimie rafiki yake mmoja. Sikuwahi kumkatalia mkubwa jambo katika maisha yangu. "Nisamehe, mjomba," nikamwambia, "leo Ikoni hatusimami," nikaongeza mafuta tukapita. Nikapanda mwinuko, nikapinda msikitini taratibu, nikazima gari mbele ya nyumba.

Mama Eshati alikuwa amesimama mlangoni, leso mpya, msindano umeoshwa usoni. Nilimtanguliza mjomba, nikainama. "Kwezi, mama."

"Mbona," akajibu, na macho yake yakaenda barabarani tulikotoka. "Ikoni hamkusimama."

"Hatukusimama, mama."

"Najua," akasema, akatupisha. "Vueni viatu muingie. Eshati amekwisha kupakua."